UTI inayorudi rudi: je, ipo antibayotiki "kali kuliko zote"?

*"Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi. Mwaka huu nimetibiwa UTI mara tatu na naona imerudi tena. Mara ya kwanza nilipewa sipro za siku tano. Siku ya tatu nikawa mzima, zilizobaki akanywa mume wangu ili tusiambukizane. Baada ya wiki mbili ikarudi. Duka la dawa wakanipa azithromaisini vidonge vitatu, haikusaidia. Mara ya tatu nilichomwa seftriaksoni, sindano tano, nikakaa vizuri kama mwezi. Sasa nawashwa, nikikojoa panachoma, na kipimo cha mkojo kimeonyesha chembe za usaha. Muuzaji wa dawa anasema mwili wangu umeshazoea dawa, nitafute kali kuliko zile sindano. Kila asubuhi natumia pia vidonge vya kuongeza damu na chai ya maziwa, sijui kama vinahusika. Naomba unieleze: antibayotiki kali kuliko zote ni ipi, na hizi dawa zinatofautianaje?"*

Pole sana, dada yangu. Kuchomwa sindano tano halafu tatizo likarudi kunakatisha tamaa, na naelewa kwa nini sasa unatafuta kitu cha kulimaliza moja kwa moja. Swali lako nalisikia kwenye dirisha la dawa karibu kila siku: "Nipe ile kali." Nitalijibu kwa kirefu. Ila niseme mapema kwamba katika maelezo yako kuna mambo matatu yanayoweza kueleza kwa nini hupati nafuu ya kudumu, na hakuna hata moja linalotaka dawa kali zaidi. Hivyo vidonge vya damu ulivyovitaja mwishoni ni mojawapo.

Nianze na kauli ya muuzaji. Mwili wako haujazoea dawa. Antibayotiki haikulengwa kwenye mwili, imelengwa kwenye bakteria, na anayebadilika ni bakteria. Mtu ambaye hajawahi kumeza antibayotiki maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria sugu leo, na dawa ikamshinda tangu kidonge cha kwanza. Kwa hiyo cha kujiuliza si mwili wako umezoea nini. Jiulize: aliyeko kwenye mkojo wako ni nani, yuko sehemu gani, na dawa zipi bado zinamuua?

Watu wengi hufikiri antibayotiki zimepangwa kama ngazi: chini kuna amoksilini, katikati sipro, juu kabisa sindano. Ngazi hiyo haipo. Chukua kaswende. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza ya kaswende. Ugonjwa ukiwa katika hatua za mwanzo, sindano moja ya benzathini penisilini hutosha. Mgonjwa huyohuyo mpe sipro, ambayo wengi wanaiona kali zaidi, na kaswende yake itaendelea kama kawaida. Dawa ni kali kwa mdudu fulani, mahali fulani mwilini. Mahali pengine dawa hiyohiyo ni kama maji.

Sababu ni kwamba kila kundi hushambulia kiungo tofauti cha bakteria. Penisilini, amoksilini, Ampiclox na seftriaksoni, ingawa majina yanaachana, ni ukoo mmoja, na shabaha yao ni ukuta. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa, na ukuta ndio unaomzuia asipasuke, kama tairi la baiskeli linavyoishika tyubu. Bakteria anapokua analazimika kuupanua ukuta huo, na ana vimeng'enya vinavyofunga nyuzi zake pamoja. Dawa za ukoo huu huvinasa hivyo vimeng'enya. Bakteria anaendelea kukua, ukuta haufungwi, anapasuka. Seli zetu sisi hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana penisilini ni salama kiasi cha kupewa mjamzito na mtoto mchanga, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo.

Ukishaelewa hapo, mengine yanajieleza. Kuna bakteria wanaosababisha nimonia wasio na ukuta kabisa, kwa mfano mikoplasma, na hao hata umeze amoksilini ya mwezi mzima huwagusi. Kuna wengine wamejipatia kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafika. Kwa ajili hiyo amoksilini huchanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo yenyewe haiui sana, kazi yake ni kukishika kile kimeng'enya ili mwenzake apite. Na kwa kuwa dawa hizi humuua bakteria wakati anajenga ukuta, zinatakiwa ziwepo kwenye damu muda mrefu bila pengo. Pale kwenye pakiti palipoandikwa "1 x 3" maana yake ni kila baada ya saa nane. Kumeza asubuhi, mchana na saa kumi na moja jioni, kisha kukaa mpaka kesho yake, kunampa bakteria usiku mzima wa kupumua.

Na sindano? Seftriaksoni huchomwa kwa sababu ikimezwa haiingii mwilini, basi. Ni dawa nzuri mno kwa homa ya uti wa mgongo, kwa maambukizi ya bakteria yaliyoingia kwenye damu, kwa kisonono. Naiheshimu sana, na kwa sababu hiyohiyo nasikitika kuiona ikichomwa kwa kila kikohozi na kila mkojo unaochoma. Sehemu ya dawa hiyo hutoka na mkojo, sehemu nyingine hutoka kwa njia ya nyongo na kuingia utumbo. Huko inafyeka bakteria wapole wanaokulinda na kuwabakiza wale waliokwisha kuwa sugu. Bakteria wa UTI, mara nyingi *E. coli*, wanatoka utumboni mwako mwenyewe. Kwa hiyo kila mzunguko wa sindano usiohitajika unaweza kukuandalia UTI ngumu zaidi ya ile iliyopita.

Kundi la pili huenda kwenye kiwanda cha protini, kile tunachokiita ribosomu. Bakteria wanazo na sisi tunazo, lakini za kwao zina umbo tofauti kidogo, na dawa hutumia tofauti hiyo. Humo wamo doksisaiklini, jentamaisini, erithromaisini na azithromaisini. Wanashambulia kiwanda kimoja lakini tabia zao zimeachana sana. Jentamaisini huchomwa, hukaa sana kwenye mkojo, na ikizidi huharibu figo na masikio, hivyo haipaswi kuchomwa kienyeji mtaani. Doksisaiklini ni nzuri kwa klamidia (ugonjwa wa zinaa) na kwa kipindupindu, lakini hatumpi mjamzito, na kwa watoto wadogo tunaiogopa kwa sababu hung'ang'ania kwenye meno yanayokua na kuyabadilisha rangi. (Ukipewa, imeze na glasi nzima ya maji na usilale papo hapo. Kikikwama kooni kinachoma kama kaa la moto.)

Azithromaisini ndiyo inayokuhusu wewe. Dawa hii huondoka haraka kwenye damu na kujificha ndani ya nyama za mwili, ikakaa humo siku kadhaa. Ndiyo maana vidonge vitatu hufanya kazi ya wiki, na ndiyo maana dozi moja kwa mwaka imetumika kutibu vijiji vizima dhidi ya trakoma, ugonjwa wa macho. Lakini hutoka zaidi kupitia nyongo, na kwenye mkojo hufika kidogo sana. Aliyekupa azithromaisini kwa maambukizi ya kibofu alikupa dawa nzuri iliyokwenda mahali pengine. Kushindwa kwake hakuthibitishi kwamba una UTI sugu.

Sasa sipro, yaani siprofloksasini. Uzi wa DNA wa bakteria ni mrefu mno kuliko bakteria mwenyewe, hivyo umesokotwa sana ili uenee. Kuna kimeng'enya kinachoukata, kuufungua msokoto, kisha kuuunga tena. Sipro hukigandisha kimeng'enya hicho kikiwa kimeshakata na hakijaunga, na uzi unabaki vipande. Ni dawa inayofika vizuri kwenye mkojo, kwenye figo, hata kwenye tezi dume. Ila ina gharama zake: inaweza kuumiza kano, hasa ile kubwa ya kisigino, inaweza kusumbua neva, na kwa mwenye kisukari inaweza kuvuruga sukari. Kwa sababu hizo, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba kwa UTI nyepesi itumike pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Huku kwetu bado inauzwa kama peremende.

Na hapa ndipo vidonge vyako vya damu vinapoingia. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo yakikutana na sipro tumboni hushikana nayo, na kinachotokea hakipenyi utumbo, kinatoka na choo. Maziwa hufanya vivyo hivyo, na pia dawa nyingi za kiungulia zenye magnesi au alumini. Doksisaiklini nayo ina udhaifu huohuo. Ikiwa kila asubuhi ulimeza sipro pamoja na kidonge cha damu na chai ya maziwa, basi dozi nyingi za asubuhi zilipotea. Bakteria wako walionja dawa kidogo, wakapata kizunguzungu, wakaamka. Sipro imezwe angalau saa mbili kabla ya vidonge vya damu, au saa sita baada yake.

Nakuambia hivi bila kukulaumu. Aliyekupa alipaswa kukuuliza unatumia nini kingine. Nami siwezi kusema kwa hakika kwamba ndiyo sababu ya kurudi, kwa kuwa bakteria wengi wa UTI katika nchi zetu wameshakuwa sugu kwa sipro wenyewe tu. Lakini ni jambo la kwanza ambalo ningelirekebisha, na ni la bure.

Kuhusu kuacha siku ya tatu, nitakuwa mkweli kuliko matangazo ya ukutani. Kwa UTI nyepesi ya kibofu, sipro ya siku tatu mara nyingi hutosha, na madaktari wa siku hizi wanafupisha dozi nyingi kuliko zamani. Tatizo ni kuamua mwenyewe kwa sababu umejisikia vizuri. Nafuu huja bakteria wakiwa wamepungua, si lazima wawe wamekwisha, na kwa maambukizi yaliyopanda kwenye figo siku tatu hazifiki popote. Muulize aliyekuandikia: "Hizi siku tano zinaweza kupungua?" Hilo ni swali halali kabisa.

Makundi mengine nitayapitia haraka. Septrin ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kila moja ikiziba hatua yake katika njia ambayo bakteria hutengeneza asidi ya foliki. Sisi tunaipata kwenye chakula, wao wengi lazima waipike wenyewe, kwa hiyo wanaumia wao. Bado inawalinda watu wengi wanaoishi na VVU dhidi ya nimonia fulani, ila kwa *E. coli* wa hapa imechoka sana. Metronidazoli, tuliyoizoea kwa jina la Flagyl, huamka pale tu pasipo na oksijeni, ndipo inapovunja DNA. Kwa hiyo ni dawa ya amiba, ya jipu la jino, ya trikomona (kijidudu cha zinaa) na ya uchafu ukeni wenye harufu ya samaki. Kwa *E. coli* wa kibofu haina kazi. Na hakuna hata moja kati ya zote nilizotaja inayoua virusi vya mafua.

Nimeiacha moja makusudi. Nitrofurantoini ni dawa ya zamani, haina sifa mitaani, na ndiyo ambayo ningeifikiria mapema kwa mwanamke mwenye UTI ya kibofu tu. Ikimezwa huchujwa na figo na kujikusanya kwenye mkojo, wakati kwenye damu inabaki kidogo mno. Ndani ya bakteria huvunjika na kuharibu vitu vingi kwa mpigo, na nadhani hiyo ndiyo sababu wameshindwa kuizoea kwa miaka yote hii. Kwa kawaida ni siku tano, pamoja na chakula, na mkojo ukibadilika kuwa wa kahawia usishtuke. Udhaifu wake unatokana na uzuri wake: kwa kuwa haikai kwenye damu wala nyama, haitibu figo iliyoambukizwa. Pia haifai kwa mwenye figo zilizodhoofu wala mjamzito aliyekaribia kujifungua. Unaona tena kwamba "kali" haitusaidii. Kwenye kibofu inaweza kuishinda seftriaksoni, kwenye figo haina lolote.

Shirika la Afya Duniani lilipozipanga antibayotiki mwaka 2017 halikuzipanga kwa ukali. Lilizigawa kwa hatari ya kuzalisha usugu: kundi la kuanzia, kundi la tahadhari, na kundi la akiba. Amoksilini, doksisaiklini, Septrin na nitrofurantoini zimo kundi la kuanzia. Dawa tatu ulizotumia wewe mwaka huu, sipro, azithromaisini na seftriaksoni, zote zimo kundi la tahadhari.

Turudi kwenye hali yako ya leo, maana jambo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Umesema unawashwa. UTI ya kibofu huchoma, hukufanya ukimbilie choo kila dakika, hukubana chini ya kitovu, lakini kuwashwa si tabia yake kubwa. Kuwashwa wiki chache baada ya sindano tano za seftriaksoni kunanifanya niwaze fangasi wa ukeni, ambao hustawi pale antibayotiki zinapowafagia bakteria waliokuwa wanawazuia. Mkojo ukipita juu ya ngozi iliyochubuka unachoma vilevile. Je, una ute mweupe mzito kama mtindi? Kama upo, antibayotiki nyingine, iwe ya bei gani, itaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Zile chembe za usaha hazimalizi ubishi. Zinasema kuna kitu kinachousumbua mwili mahali fulani, hazisemi ni nini, na zinaweza kuwa zimetoka ukeni wakati wa kukinga mkojo. Utafiti mkubwa uitwao HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ulipima mkojo wa maelfu ya watu waliokuja kliniki na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara, yaani bakteria walipoachwa wakue ili waonekane, takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na UTI ya bakteria. Hao wengine wanaweza kuwa na fangasi, klamidia, kisonono, trikomona, mawe kwenye figo, au kichocho kama umewahi kuoga ziwani au kwenye mabwawa na mifereji ya mpunga. Kichocho hutoa damu kwenye mkojo na dawa yake ni prazikwanteli, ambayo wala si antibayotiki.

Kwa hiyo usinunue kitu chochote kwanza. Nenda hospitali yenye maabara ya kuotesha vimelea (hapa Tanzania hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC wanafanya, na za mikoa kadhaa pia) na uombe mambo mawili: kupimwa ukeni, na kuotesha mkojo pamoja na kipimo cha kuangalia dawa zipi zinamuua huyo bakteria. Mkojo utolewe kabla hujameza antibayotiki yoyote. Nawa kwa maji, mkojo wa mwanzo uuache uende, kinga wa katikati, na ufike maabara ndani ya saa mbili. Majibu huchukua siku mbili mpaka tatu. Ni ghali kuliko kipimo cha kawaida, sitakuficha, lakini jumlisha ulichotumia kwa sipro, azithromaisini na sindano tano. Pima sukari pia, na ujauzito kama kuna uwezekano. Andika kwenye karatasi dawa zote ulizotumia na tarehe zake, umpe daktari.

Mume wako asinywe dawa zako tena. UTI ya kawaida ya kibofu haiambukizwi kwa mume, na haitoki kwenye choo cha kuchangia kama tunavyoambiana. Ikigundulika ni klamidia, kisonono au trikomona, hapo mambo yanageuka: mtatibiwa wote wawili, siku zilezile, kwa dozi kamili ya kila mmoja. Yeye akiwa na maumivu ya kukojoa aende mwenyewe akapimwe, kwa sababu UTI kwa mwanaume huhitaji uchunguzi wake.

Ikithibitika kwamba kweli ni bakteria wanaorudi, kuna mambo yanayosaidia bila dawa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia wanawake 140 wenye tatizo kama lako, waliokuwa wakinywa maji kidogo. Walioongeza lita moja na nusu ya maji kila siku walipata UTI karibu nusu ya wenzao kwa mwaka mzima. Najua mwalimu hubana mkojo kutwa kwa kukosa nafasi au kwa kukwepa choo cha shule, na kwa hiyo hunywi maji. Kama ndivyo ilivyo, hapo pana kazi ya kufanya. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Acha kujisafisha ndani kwa sabuni, limau au shabu, maana unawaondoa walinzi wako kwa mikono yako.

Usisubiri majibu ya maabara ukipata homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, au kutapika. Hapo maambukizi yanaweza kuwa yamepanda kwenye figo, na unatakiwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukigundua una ujauzito, nenda siku hiyo pia, hata bila homa. Katika hali hizo daktari anaweza kukuchoma seftriaksoni ileile wakati mkojo unaoteshwa, na atakuwa sahihi kabisa.

Vidonge vya damu usiviache. Ukipewa nitrofurantoini, endelea navyo kama kawaida, ila epuka dawa za kiungulia zenye magnesi katika siku hizo tano. Ukipewa sipro au doksisaiklini, mwambie mfamasia kabla hujaondoka dirishani kwamba unatumia vidonge vya damu asubuhi, akupangie saa na akuandikie juu ya pakiti.